Kawia Ufike: Wosia kwa Mjukuu Mwenye Pikipiki

Tukuyu, Rungwe

Kwako mjukuu wangu, pamoja na wenzako wa kijiweni,

Mimi miguu imenigomea, na mkono wa kushoto hauna tena nguvu za kubana klachi. Wa kulia bado unashika kalamu, nami nautumia kabla nao haujachoka.

Mama yako amenipigia simu. Anasema umepania kuja Desemba na pikipiki yako kutoka Dar es Salaam, wewe na wenzako wawili, na ameniomba nikukataze. Sikukatazi. Miaka yote ya utumishi wangu nilikuwa bwana mifugo, nikizunguka vijiji vya wilaya hii na pikipiki ya ofisi, dawa za ng'ombe zimefungwa kwenye keria. Mzee wa namna hiyo akimwambia mjukuu wake asipande pikipiki, mjukuu atacheka, na atakuwa na haki. Ila sitakuacha uondoke mikono mitupu. Haya ninayoandika yachukue kuwa wosia, kwa maana sijui kama tutapata nafasi nyingine ya kukaa barazani tukazungumza.

Neno langu kubwa ni moja, na mengine yote yanatoka humo: usimwahidi mtu yeyote saa ya kufika.

Nikueleze sababu. Mwenye gari, au mwenye pikipiki kubwa, akikosea kidogo anapolipita lori, hukanyaga mafuta akajitoa. Pikipiki yako ni ya CC 150. Ukiwa kwenye kilomita 70 kwa saa, na mzigo nyuma, na kilima mbele, umeshatumia karibu nguvu yake yote, na ukisokota mkono hakuna kinachoongezeka isipokuwa kelele. Kwenye injini huna akiba. Akiba yako iko kwenye muda. Aliyeahidi kuwa saa kumi jioni atakuwa mezani kwa shangazi yake ameshaitumia akiba hiyo kabla hajatoka nyumbani, na kuanzia hapo kila tuta, kila pancha na kila wingu la mvua litamlazimisha kuchomekea mahali asipopaswa. Wazee walisema kawia ufike. Mwenye injini ndogo aishike kauli hiyo kama sheria.

Sasa tuanze na hesabu ya fedha, maana hapo ndipo vijana wengi hujidanganya. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni karibu kilomita 890. Pikipiki kama yako, ikiwa imetunzwa na imebeba mzigo na kupanda milima, itakupa kilomita kama 40 kwa lita. Weka lita 25 ili usibanwe, zidisha kwa bei ya petroli ambayo EWURA huitangaza kila mwezi. Ongeza oili ya kubadilisha kabla ya safari na nyingine ukifika. Ongeza gesti usiku tatu, chakula cha siku nne, na fungu la fundi na pancha. Ukijumlisha utaona kuwa tiketi ya basi ni nafuu. Kama nia yako ilikuwa kuokoa nauli, panda basi uje, tena uje umelala. Kama nia ni kuiona nchi yako kwa macho yako mwenyewe, au unataka pikipiki ifanye kazi huku, basi endelea kusoma.

Na wasikutishe wanaosema injini ndogo haiwezi safari ndefu. Honda walianza kutengeneza Super Cub mwaka 1958, pikipiki ndogo ya kwendea sokoni, na kufikia mwaka 2017 walikuwa wametengeneza milioni 100. Mwaka 2009 Mwingereza mmoja, Nathan Millward, aliondoka Sydney kwa Honda ya CC 105 iliyowahi kubeba barua za posta ya Australia, akafika nayo London. Hakuwa na mashine ya ajabu. Alikuwa na miezi mkononi, na hakuna aliyekuwa anamsubiri kwa saa. Injini ndogo hufika popote ikiachiwa mwendo wake. Inayoshindwa kwanza ni subira ya anayeiendesha.

Ijue pia barabara unayoingia. Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, Zambia ilibanwa upande wa kusini, ikabidi mafuta yake yapitie huku kwetu kwa malori, kwenye vumbi wakati wa kiangazi na kwenye tope la utelezi wakati wa mvua. Madereva waliipa jina la Njia ya Jehanamu. Baadaye likaja bomba la mafuta, ikaja lami, ikaja reli ya TAZARA, lakini malori hayakwisha. Leo yanashusha shaba ya Zambia na Congo bandarini, yanarudi na mafuta, mbolea na makontena. Barabara hii ilijengwa kwa ajili ya mzigo. Wewe ni mgeni humo, na mgeni hagombei kiti. Lori likitaka njia, lipe.

Panga siku zako hivi.

Siku ya kwanza, Dar es Salaam hadi Morogoro, kilomita 190 na ushei. Ondoka kunapopambazuka, kabla foleni za Kimara na Kibaha hazijajaa, upite Mlandizi na Chalinze. Utafika Morogoro mchana, na moyo utakwambia, "Mbona bado mapema, nisogee hadi Mikumi." Usisogee. Siku ya kwanza mwili bado haujazoea, mikono imekufa ganzi kwa mtetemo, na Hifadhi ya Mikumi haipitwi jioni.

Siku ya pili, Morogoro hadi Ilula, kilomita kama 255. Hii ndiyo siku nzito, kwa maana ina wanyama, ina joto la bonde la Ruaha, na ina Mlima Kitonga. Ukiona umechoka ukiwa Mikumi mjini au Ruaha Mbuyuni, lala hapohapo, hujapoteza kitu.

Siku ya tatu, Ilula hadi Makambako kwa kupitia Iringa na Mafinga, kilomita kama 215. Iringa huna haja ya kupanda mjini, barabara kuu inapita chini, Ipogolo.

Siku ya nne, Makambako hadi Uyole, kisha unakata kushoto kuja Tukuyu, kilomita kama 225.

Siku ya tano usiipangie kitu. Ni ya mvua, ya fundi, ya tumbo la kuendesha, au ya uchovu tu. Isipotumika, utaitumia hapa kulala. Lakini mwombe bosi wako ruhusa ukiwa umeihesabu, kwenda na kurudi, maana anayerudi kazini akiwa amechelewa hukimbia kuliko anayekwenda sikukuu.

Kuhusu majira, ningekuwa mimi ningekuja Septemba, barabara kavu na baridi ya Juni na Julai imeshapungua. Desemba nyanda hizi za juu zimeshapokea mvua tangu Novemba, na kuanzia katikati ya mwezi mabasi yanashindana kuwahi abiria wa Krismasi. Ukiwa huna budi, ondoka Dar kabla ya tarehe 15. Kila jioni sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na uuamini zaidi ya anga unaloliona, kwa sababu jua la Ruaha Mbuyuni halikwambii lolote kuhusu mvua ya Mafinga.

Mashine nayo ina haki zake. Mwezi mmoja kabla ya safari, ipeleke kwa fundi unayemwamini, ukae naye, usimwachie ukaondoka. Apime tapeti, asafishe filta ya hewa na kabureta, aangalie breki za mbele na nyuma, akaze spoku zote za rimu. Tairi la nyuma likiwa limeanza kulika katikati, nunua jipya. Cheni na sproketi zikichoka hubadilishwa zote pamoja, maana cheni mpya juu ya meno yaliyolika haidumu. Cheni yenyewe isikazwe kama waya wa kuanikia nguo: ukiiinua kwa kidole katikati, icheze sentimita mbili hadi tatu, kwa sababu ukipakia mzigo na kuingia kwenye mashimo, gurudumu la nyuma hupanda na kushuka na kuivuta. Haya yote yafanyike mapema. Kifaa kipya kisifungwe siku ya kuamkia safari. Kifungwe wiki mbili kabla, ukitembelee mjini, kikiwa na ubovu kikuoneshe ukiwa karibu na duka.

Kisha fanya safari ya mtihani. Funga mzigo wako wote kama utakavyoufunga siku yenyewe, nenda Bagamoyo na kurudi. Kamba inayolegea italegea siku hiyo, begi linalokugonga mgongoni litakugonga siku hiyo, na kiti kinachoumiza utakijua. Jioni ukirudi, ling'oe gurudumu la nyuma uani kwako, toa tyubu, ziba kiraka, rudisha, jaza upepo, wewe mwenyewe, fundi akiwa kwao. Ukishindwa, rudia kesho yake. Usiku wa kuamkia safari si wakati wa kujifunza, na kando ya malori hakuna mwalimu.

Vya kubeba ni hivi: spana zinazoingia kwenye nati za pikipiki yako, jaribu kila moja kabla, plaizi na bisibisi, vyuma vya kutolea tairi, pampu ndogo, tyubu ya mbele na ya nyuma, viraka na gundi, plagi, waya wa klachi na waya wa mafuta, balbu ya taa kubwa, kiungo cha cheni, tepu ya umeme na kipande cha waya laini. Vinaenea kwenye mfuko wa ukubwa wa mkate. Beba na oili nusu lita. Injini hizi hubeba lita moja tu au zaidi kidogo, kwa hiyo kikombe kimoja kikipungua ni sehemu kubwa imepungua. Ipime kila asubuhi, injini ikiwa ya baridi na pikipiki imesimama wima, kabla hujanywa chai.

Mzigo wako usizidi kilo 15. Uweke pale ambapo abiria angekaa, uwe chini na karibu na mgongo wako. Mzigo ukirundikwa juu ya keria, nyuma ya gurudumu, usukani huwa mwepesi na pikipiki huanza kuyumba kila lori linapokupita. Abiria usibebe, na mshikaki usiuwaze. Najua watu wa mtaani wakisikia unakuja watakuletea vifurushi: viatu vya fulani, sukari ya bibi fulani, simu ya kupeleka kwa fulani. Waambie wavitume kwa basi, mabasi yana utaratibu wa vifurushi. Na wakati wa kurudi bibi yako atakufungia kiroba cha mchele wa Kyela na mkungu wa ndizi. Vikatae, mimi nitakuwa upande wako.

Vaa helmeti yenye kioo, na mkanda ufungwe. Vaa viatu vinavyofunika kifundo cha mguu, ndala ziache kwenye begi. Vaa rifleta hata mchana. Koti la mvua lifungwe juu kabisa ya mzigo, pasiwe na haja ya kufungua kitu kingine. Baridi ya Mafinga na Makambako asubuhi huganzisha vidole mpaka hujui kama umeshika breki au hujashika, kwa hiyo glavu ni sehemu ya breki. Ukikosa sweta zito, tandaza gazeti kifuani ndani ya koti. Huzuia upepo vizuri.

Leseni iwe na daraja la pikipiki. Kadi na bima viwe hai. Wenzako ambao pikipiki zao bado ni za mkataba, wawe na barua ya mwenye chombo na namba yake ya simu. Trafiki akisimamisha, zima injini, vua helmeti, msalimie. Vibao vya 50 vimejaa kila kijiji, viheshimu hata pale ambapo humwoni askari, kwa sababu watoto wa shule wapo hata akikosekana.

Njiani, jaza mafuta tangi likifika nusu. Sheli zipo Chalinze, Morogoro, Mikumi, Iringa, Mafinga, Makambako hadi Uyole, kwa hiyo mafuta ya chupa ya kando ya barabara yawe ya dharura tu, hujui yamechanganywa na nini. Pumzika kila baada ya saa moja hivi, hata kama hujachoka. Shuka, nyoosha mgongo, kunywa maji, gusa rimu na uangalie tairi. Mchana kula kidogo, ugali mwingi huleta usingizi kwenye joto la Ruaha Mbuyuni. Usingizi ukikushika, hakuna kinywaji cha kopo kinachouondoa. Tafuta kivuli karibu na watu, ulale nusu saa.

Lori likikupita au mkipishana nalo, utahisi mambo mawili: kwanza upepo unakusukuma nje, kisha unakuvuta ndani. Usikakamae. Legeza viwiko, bana tangi kwa magoti, punguza mwendo kidogo kabla halijakufikia. Malori mazito pia yamechimba mifereji kwenye lami pale yanapopita magurudumu, hasa kwenye vilima. Chagua mstari wako mapema, na usivuke ukingo wa mfereji kwa ghafla, hasa panapokuwa na maji.

Kuna mambo manne ya njia hii ninayotaka uyashike kwa majina yake.

La kwanza ni Msamvu, hapo Morogoro. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka, na waliokufa walipita mia moja. Wengi walikuwa vijana, na waendesha bodaboda walikuwamo. Ukiona lori la mafuta limelala, mahali popote, geuza urudi mbali, uwazuie walio nyuma yako. Usisogee kuangalia, usipige picha. Kama kuna majeruhi, piga 112 ukiwa mbali.

La pili ni Hifadhi ya Mikumi. Barabara kuu inaikata kwa karibu kilomita 50, na wanyama hawajui kwamba ni barabara kuu. Ipite kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, kamwe isiwe usiku wala magharibi. Fuata kibao cha mwendo, faini za kugonga mnyama zimeandikwa hapo. Swala mmoja akivuka, wa pili yuko nyuma yake. Ukimwona tembo karibu na barabara, simama mbali, injini ikiwa inaunguruma, usubiri gari kubwa lije mpite pamoja. Usisimame kula wala kupiga picha, nyani wa pale wanafungua mifuko kuliko makondakta.

La tatu ni Mlima Kitonga. Kupanda, ingiza gia ndogo mapema, kabla injini haijaanza kugonga. Injini yako inapozwa na upepo, na kwenye mlima mwendo ni mdogo na upepo ni mdogo, kwa hiyo itachemka. Ukifika juu simama mahali salama, iache ipoe. Malori yatapanda polepole mbele yako, na wewe utashawishika kuyapita kwenye kona. Hapana. Kaa nyuma, mbali na moshi, hadi njia ionekane yote. Wakati wa kurudi, kushuka ndiko kwenye hatari: tumia gia ileile ambayo ungepandia, injini ikuzuie, na breki uziguse na kuziachia. Ukizishikilia mfululizo zitapata moto na kukosa nguvu, na huko nyuma yako kuna lori lenye tatizo hilohilo kwa tani thelathini. Wapo wanaozima injini wateremke bure ili kuokoa mafuta. Wanaokoa kikombe cha petroli, wanatoa maisha.

La nne ni huku kwetu. Kuanzia Iringa umeshapanda sana, hewa ni nyepesi, na injini ya kabureta itakosa nguvu kidogo. Si ugonjwa, usiifungue. Baada ya Makambako utashuka Igawa, Chimala na Igurusi, tambarare yenye upepo, ambako mtu husahau kuwa bado hajafika. Kisha kuna vilima vya Inyala kabla ya Uyole, ambako malori yaliyokatikiwa breki yameshaua watu wengi. Hapo angalia mbele na uangalie kioo cha pembeni kwa zamu. Kutoka Uyole kuja huku utapita Isongole, juu kabisa, penye ukungu ambao hukuachia mita chache tu. Washa taa, punguza, na kama huoni mstari wa barabara, simama nje kabisa ya lami.

Usiku usiendeshe. Sitaeleza zaidi. Jua likianza kuegemea, tafuta gesti yenye geti, uulize kwanza kama pikipiki inalala ndani, ndipo uulize bei ya chumba.

Mnakuja watatu, na hilo ni jema. Mwenye pikipiki dhaifu kuliko zote ndiye atangulie, nanyi wengine mfuate mwendo wake. Yule hodari akae mwisho, ndiye ataona taa ya mwenzake imezima au begi limefunguka. Msijipange ubavu kwa ubavu mkipiga soga. Mkubaliane mtakapokutana mkipotezana, ili asiwepo wa kukimbiza kumtafuta mwenzake. Na mkubaliane kwamba yeyote akisema "leo tulale hapa", wengine hawabishi. Anayebishiwa leo, kesho atanyamaza huku macho yanafumba.

Kuhusu simu. Mama yako atakupigia kila saa akuulize, "Umefika wapi?" Anauliza kwa mapenzi, lakini swali hilo huingia kwenye mkono wa mafuta. Mwambie kabla hujaondoka: nitapiga mimi, mara mbili kwa siku, mchana nikipumzika na jioni nikishafunga pikipiki. Akikuuliza utafika lini, mwambie siku, na uongeze, "Mungu akipenda, au kesho yake." Nimeshamwandaa, atakubali.

Sasa sehemu ya mali. Shamba na nyumba nimeshaviandika kwenye karatasi iliyoko kwa baba yako mkubwa, humo usinitafute. Wewe nakuachia sanduku la spana lililo chini ya kitanda changu. Spana zimo zote, na nyingine zina umri mkubwa kuliko baba yako. Nimeweka sharti moja: kila mwaka umfundishe kijana mmoja wa kijiweni kuziba tyubu na kukaza cheni kwa mikono yake, bila kumtoza. Koti langu zito la mvua mpe mwenzako atakayekuwa hana. Barua hii isome mbele yao, kisha ipeleke kwa fundi wako, akupinge pale anapojua kuliko mimi.

Limebaki jambo moja, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Vijana wengi hawafi wakiwahi harusi wala sikukuu. Wanakufa wakiwahi msiba. Simu inaingia usiku, mtu analia, anawasha pikipiki, na kesho yake ukoo unachimba makaburi mawili. Siku utakapopigiwa kwamba mimi sipo, kaa chini kwanza. Kunywa maji. Usiku huo usiwashe kitu chochote. Asubuhi uende stendi ukate tiketi ya basi, na ukikosa tiketi usubiri ya kesho kutwa. Nimeshazungumza na wazee wa ukoo: saa ya mazishi ikifika wazike, wasikusubiri, na asiwepo wa kukulaumu. Ahadi ya saa usimpe mtu yeyote aliye hai, na mimi niliyekufa usinipe pia. Udongo wa kuweka juu ya kaburi langu utaukuta hata ukija baada ya wiki.

Mungu akutangulie mbele, akulinde nyuma, akufungulie njia, akurudishe kwa wanao. Wasalimie wenzako wote, na umwambie yule mwenye pikipiki dhaifu kuwa babu amesema yeye ndiye kiongozi wa msafara.

Ni mimi babu yako.